Waya Alioukanyaga Ignatio

Lituhi,
4 Februari 1996

Dada Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mvua za huko juu hazijakuzuia kufyeka nyasi za mashimo ya ngolo.

Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia nikiwa kwa Eunice, jirani yangu yule Mwanglikana anayekausha dagaa wa usipa, siyo nyumbani kwangu. Nipo hapa tangu Epifania. Usishtuke, sijapigwa. Ignatio hajawahi kuninyooshea hata kidole.

Unakumbuka alivyoacha nyavu soko lilipofunguliwa? Alisema samaki humsubiri kila mtu, lakini biashara humsubiri mwenye mbio. Akawa anapeleka usipa Songea hadi Makambako, anarudi na mitumba, nasi tukaezeka bati. Nyumbani akawa anapita tu kama mgeni. Sasa amerudi na hatoki tena. Barua hii anaibeba Hamphrey dereva na bahasha haina gundi, kwa hiyo sitaandika kirefu: Ignatio amekanyaga waya. Nathanieli, mwenzake wa safari, alitangulia kuukanyaga. Tulimzika kabla ya Noeli, na kaburini wakaja kulia wanawake wawili wa Makambako ambao hakuna aliyewajua.

Amekonda, homa inakuja na kuondoka. Aliniambia mwenyewe, amekaa kizingitini, analia. Mimi nikaingia ndani nikafunga nguo zangu. Naogopa kulala naye, dada. Sijawahi kuogopa kitu namna hii. Na bado kila jioni anakuja mpaka kwenye uzio wa Eunice, anaweka samaki juu ya jiwe, anaondoka. Moyo unaniuma nikimwona mgongo.

Sijamwuliza padre. Anafika kigangoni mara moja kwa mwezi, na watu wa kuungama wanajipanga mpaka nje. Nakuuliza wewe uliyenilea mama alipofariki. Naweza kuja Mbuji? Nitachimba ngolo, nitachuma kahawa, nitalala jikoni. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema nirudi kwake, nitarudi.

Mdogo wako,
Hildegardi


Mbuji,
19 Februari 1996

Mdogo wangu Hildegardi,

Milele amina, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa miwani.

Kwanza, kwa nini umeandika kwa aibu hivyo, kama mtoto aliyevunja chungu? Kukanyaga waya si dhambi. Ni bahati mbaya, inampata mwema na mbaya. Wanaume wa huko ziwani wanapenda mno kutembea peku. Nililisema hilo hata siku ya harusi yenu, watu wakacheka. Na hao wanawake wa Makambako wasikusumbue kichwa. Hata huku wapo wanaolia kwenye makaburi wasiyoyajua, wanafuata wali.

Pili. Umesahau, au hukuambiwa, kwamba hata marehemu Stephano wangu alikanyaga waya? Wewe ulikuwa kwa masista unajifunza kushona. Wakwe zangu walinitenga. Walisema nisilale naye, nisile naye, la sivyo nami nitaoza. Nililala naye kitanda kimoja mpaka Mungu alipomchukua, na sikuoza. Leo nabeba debe la kahawa kichwani kuliko hawa vijana ambao kazi yao ni kukaa barabarani kuwangoja wanunuzi binafsi.

Mliapa nini mbele ya altare? Katika magonjwa na afya. Sikukusikia ukisema: isipokuwa waya.

Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu. Anza Kwaresima ukiwa kwa mumeo. Mwoshe kwa maji ya chumvi, mpikie, lala naye kama mke, usimfanye ajione mkoma. Miaka yote hii hamjapata mtoto, na mtoto hapatikani kwa Eunice. Nitawasalia novena kwa ajili hiyo. Huku hakuna nafasi ya mke aliyekimbia. Mimi ni mwenyekiti wa kina mama kigangoni. Nitawaambia nini wale wanaovumilia walevi? Ndoa ni msalaba, Hildegardi, na msalaba hauachwi kwa jirani.

Nakupenda. Kama nisingekupenda ningekuambia njoo.

Dada yako,
Mektilda


Lituhi,
17 Machi 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika pale ulipoandika kwamba si dhambi, nikakaa chini nikalia. Nilidhani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kumhukumu. Nilimsomea Ignatio maneno hayo, naye akajifunika uso kwa kanga yangu. Tangu siku hiyo anakula. Na hilo la peku, dada! Mwenyekiti wa kina mama! Sikujua kama lugha hiyo imepanda mpaka Mbuji. Ilibidi nicheke, na nilikuwa sijacheka tangu Noeli.

Kuhusu shemeji sikujua. Mimi niliambiwa ni mguu tu, nikaamini, na hata msibani kila mtu alisema mguu, mguu. Kumbe umebeba jambo zito hivyo peke yako miaka yote hii, na unapita katikati yetu na debe lako kama si wewe. Nimekuwaza sana. Kama wewe ulilala naye na Mungu akakulinda, mimi ni nani hata niogope?

Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Ignatio alisema, "Rudi kwa Eunice, mke wangu, sitakulaumu." Nikamwambia dada amesema. Tukasali Salamu Maria pamoja, na nikalala na mume wangu.

Eunice hanisalimu vizuri siku hizi. Anasema Wakatoliki tuna vichwa vigumu kama vya kambale.

Utuombee.

Hildegardi


Mbuji,
14 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Aleluya, Bwana amefufuka. Barua yako nimeisoma Ijumaa Kuu, na sikupata mahubiri mengine yaliyonigusa kama hayo.

Eti mguu tu! Waliokuambia "tu" wangelala katika chumba kile, na harufu ile, wasingesema "tu". Kila asubuhi nilichemsha maji ya chumvi nikamwosha, na kila asubuhi aliniomba msamaha kwa kuniharibia ujana. Siri haikuwepo, mwanangu. Ni kwamba watu hawapendi kusikia mateso ya mwenzao, wanayapunguza kwa neno dogo ili wakalale.

Huku tumefukia ngolo zote za upande wa bonde na maharage yameota. Mbolea ndiyo hakuna. Zamani ushirika ulituletea, sasa wanasema kila mtu ajinunulie kwa hao hao wanaokuja na mizani yao ya ajabu kuchukua kahawa. Mwanangu Mansuetus anasema hiyo ndiyo huria. Nimemwambia huria ya kuku ni mpaka mwewe apite.

Jumapili ya Pasaka niliwasimulia kina mama habari zako. Sikutaja jina. Nilisema yuko mwanamke aliyetaka kumkimbia mume mgonjwa, akatii, akarudi, na sasa nyumba yao ina amani. Mama mmoja aliyekuwa amefunga mizigo yake kwenda kwao alilia, akaenda kuifungua. Unaona? Unahubiri na hujui.

Mpe Ignatio salamu. Mwambie hata akiwa amelala hivyo bado ni baba wa nyumba.

Dada yako,
Mektilda


Lituhi,
2 Juni 1996

Mama Mansuetus,

Shikamoo mama. Jina langu Eunice, jirani wa mdogo wako Hildegardi. Mimi si wa kanisa lako wala wa ukoo wako, kwa hiyo nisamehe nikizidi.

Hildegardi ananiambia wewe mwenyewe ulipitia haya na ukapona. Sibishani na mkubwa, na Mungu ana miujiza yake. Lakini hapa ufukweni nimeosha maiti za wanawake watatu waliobaki vitandani na waume wa namna hii, na wote walikuwa watu wa sala kuliko mimi. Mmoja alikuwa mke wa Nathanieli, tumemzika wiki iliyopita.

Ignatio sina ugomvi naye. Ni mtu mpole, tena ana aibu, na chakula nitampelekea mimi mwenyewe kila siku. Nimeshamwambia hivyo na amekubali. Kilichobaki ni neno lako tu. Hildegardi hasikii la mtu mwingine. Nikimwambia "ondoka" ananionyesha barua yako, ameiweka ndani ya kitabu cha sala.

Juzi alitapika uani. Si ugonjwa, ni mimba. Mama, mwite nyumbani sasa hivi. Sijui kama bado inasaidia, lakini mwite.

Mimi,
Eunice


Mbuji,
20 Juni 1996

Bi Eunice,

Marahaba. Nakushukuru kwa kumhifadhi mdogo wangu na kwa samaki uliowatuma pamoja na barua.

Anachoumwa Ignatio nakijua. Hildegardi aliniandikia mwenyewe mwezi wa pili. Nami nilimwuguza wangu mpaka kaburini, kwa hiyo sihitaji kufundishwa. Sijui kwenu mnafundishwaje kuhusu ndoa. Kwetu mke hagawi mume wake kwa jirani ampelekee chakula.

Mimba hiyo ni jibu la novena yangu. Nakuomba usimtie hofu mama mjamzito kwa hadithi za maiti. Vifo viko kila mahali. Hata huku tunazika vijana wanaorudi kutoka mijini, wamebaki mifupa, na hatujui wana nini. Tunawazika na kuwaombea, hatuulizi.

Mektilda


Lituhi,
27 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Ignatio ametutoka. Tulimzika siku iliyofuata kwa sababu ya joto, na Hamphrey alikuwa Njombe na gari, hatukuwa na wa kukuletea habari. Nisamehe kwamba unalipata neno hili kwenye karatasi.

Alikufa vizuri. Padre aliwahi, akampaka mafuta, akampa Komunyo. Mwishoni hakuweza kumeza, nikawa namlowesha midomo kwa kitambaa. Aliniambia nikushukuru. Alisema, "Dada yako angeweza kunitupa." Usiku kucha kina mama wa jumuiya waliimba, na Eunice aliimba nao, nyimbo zetu zote anazijua.

Sasa habari zangu. Nimetoka mkanda wa jeshi, malengelenge kutoka mgongoni mpaka chini ya titi. Unachoma kama maji ya moto, hata nguo siwezi kuvaa vizuri. Hapa kwetu watu wakiuona mkanda huo kwa mjane wanaacha kumwuliza hali. Wananisalimu kwa mbali, wanasema pole kwa msiba, na macho yao yako mgongoni kwangu. Mtoto anacheza tumboni. Anacheza sana, hasa nikilala ubavu usiouma.

Usidhani najuta. Ungeniambia njoo, Ignatio angekufa analishwa na jirani, na mimi ningeishi na hilo. Lakini nina swali ambalo nimelibeba tangu Machi, niliona aibu kuliuliza akiwa hai. Wewe ulipona vipi? Ulikunywa dawa gani? Ulisali novena gani, kwa mtakatifu yupi? Ulilala na Stephano mpaka mwisho na ukabaki mzima, kwa hiyo lazima kuna kitu ulifanya. Nieleze taratibu, usiruke kitu, hata kama uliahidi kutokisema. Eunice anasema hakuna, lakini Eunice hakukuona wewe na debe lako kichwani.

Nieleze haraka, dada. Si kwa ajili yangu tu.

Hildegardi


Mbuji,
6 Novemba 1996

Hildegardi,

Hakuna novena.

Barua yako niliisoma nikalia kwa ajili ya Ignatio, halafu nikafika kwenye maswali yako na sikuyaelewa. Nilidhani huzuni imekuchanganya. Nikaichukua barua mpaka zahanati kwa Sista Kunigunda, nikitaka anipe dawa ya kupaka ya mkanda wa jeshi nikutumie. Aliisoma yote. Akaniuliza, "Mama Mektilda, mume wako alikufa na nini?" Nikamwambia mguu. Alikanyaga waya wa kichanja cha kuanikia kahawa, uliokatika na kuota kutu, pale nyuma ya jiko. Ukachoma unyayo ukatokea juu. Mguu ukaoza, akafa.

Sista akaikunja barua. Kisha akaniambia watu wa barabarani na wa mijini wana maana gani wakisema mtu amekanyaga waya. Akataja ugonjwa kwa jina lake: UKIMWI. Nilimwuliza na peku ni nini, akaniambia hilo nalo, kwamba ni kulala na wanawake bila kinga, anatazama dirishani.

Sikujua, mdogo wangu. Huku hakuna umeme. Waya kwetu ni wa kahawa. Tangu barua ya kwanza mimi nilikuwa nasema habari za mguu. Chumvi ilikuwa ya mguu. Harufu ilikuwa ya mguu. Uliposema uliambiwa ni mguu tu, uliambiwa kweli. Sikupona kwa sababu sikuwa na cha kupona. Nilikuwa na mume mwenye kidonda, na wewe ulikuwa na mume mwenye kifo, nikakurudisha kitandani kwake kwa jina la Mungu.

Ulisema wazi kadiri ulivyoweza. Eunice alisema wazi zaidi, nikamjibu kwa kiburi kwa sababu si wa kanisa letu. Ningeuliza swali moja tu, waya gani? Mtu akija hapa kuniambia ng'ombe amekufa huwa nauliza amekufaje. Wewe sikukuuliza.

Kuna kitu kingine, na nimekaa nacho siku hizi zote nikishindwa kukiandika. Nataka kusema kwamba kama ningejua, ningekuambia njoo siku ile ile. Nimejaribu kulisema kanisani, nimepiga magoti peke yangu, na halitoki. Nimewarudisha wanawake wengi kwa waume zao, na si wote niliouliza waume wana nini. Huenda ningejua na bado ningeandika yale yale, na ningepata maandiko ya kuyashikilia. Sijui. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe, kwa maana kosa ni la neno, na hili ni langu.

Uenyekiti nimeurudisha kwa Walburga, aliyekuwa nao kabla yangu. Nilitaka kuwaeleza kina mama sababu, nikaishia kuwashukuru. Wakadhani ni uzee, wakanipigia makofi. Yule mama aliyefungua mizigo yake siku ya Pasaka alikuwa amekaa mbele. Jioni nilikwenda kwake nikamwuliza mumewe anaumwa nini. Aliinama akaendelea kupepeta maharage. Nimemwambia Sista aende kwake.

Sista anasema mtoto anaweza kuzaliwa salama, si wote wanaoupata. Nimemwuliza mara mbili ili nisije nikakuandikia tena kitu nisichokijua. Kuhusu wewe pia nimemwuliza, na aliyoniambia nitakuambia kwa mdomo, kama utataka kuyasikia kwangu.

Kahawa iliyobaki nimemwachia Mansuetus. Nashuka Jumamosi, nije kukaa, siyo kutembea. Barua hii nimempa Hamphrey itangulie kwa makusudi. Nataka uisome mimi nikiwa sipo, usije ukaniona uso na nywele hizi nyeupe ukanisamehe kwa huruma. Nikifika nitakaa nje. Ukitaka kufungua, utafungua. Usipotaka, nitakwenda kumwomba Eunice sehemu ya kulala, naye akinikatalia atakuwa na haki.

Mektilda